Msomaji wa Pili

Jumatatu, 3 Februari 2014

Chai, kompyuta, soksi mbili mbili. Toleo jipya la mfumo wetu wa kompyuta limetoka, kwa hiyo nabadilisha ukurasa wa Kiswahili kabla ya kwenda kazini: namba ya toleo, picha, orodha ya vioo ambako watu wanapakua nakala. Mfumo ni wa bure, tovuti inaendeshwa na watu wa kujitolea. Kiswahili ni changu, mwaka wa tatu sasa.

Barua pepe kutoka kwa Mjerumani anayeratibu tovuti. Adabu tupu. Lugha ambayo kurasa zake mpya hazijathibitishwa na msomaji wa pili hadi Jumapili itaondolewa. Hataki kurasa zilizokufa. Ana haki. Imeniuma.

Jumanne, 4 Februari

Nimemwandikia Gasper. Msomaji wa pili ndiye yeye, tangu tulipokuwa wanafunzi hapa Minneapolis. Mimi natafsiri, yeye anasoma na kubonyeza "Sawa". Siku hizi yuko Texas, ana mke na mapacha. Ujumbe wa simu hajibu, sembuse barua pepe.

Kazini Bloomington, Kiingereza kutwa. Neno la Kiswahili nililotamka leo ni moja tu, "pumbavu", nikiliambia gari lililogoma kuwaka.

Alhamisi, 6 Februari

Gasper amejibu. "Mzee, nitumie link nibonyeze chap, kama kawaida."

Kama kawaida. Nimeisoma mara nne, nikampigia. Akacheka. Hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja. Alidhani najua.

Sikumtumia. Nimekasirika hadi chakula kimenishinda. Neno "kioo" pekee nilihangaika nalo wiki nzima, nikafungua kamusi tatu. Kwa ajili ya nani? Miaka yote nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Ijumaa, 7 Februari

Baridi. Sijaongea na mtu. Nimejiambia acha wafute tu, yaishe. Uongo. Sitaki wafute.

Jumamosi, 8 Februari

Nimechapisha kurasa sita, nikaendesha hadi Lakeville kwa Mama Riziki, yule Mkongomani wa kanisani kwetu. Zamani aliuza soda Uvira. Amenialika tangu mwaka juzi na sikuwahi kwenda, leo nimekwenda kwa kuwa nina shida. Alinipa chai, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya kila mstari.

Sijawahi kusikia maneno yangu kinywani mwa mtu mwingine. Nilitazama zulia.

Akafika pale: Chagua kioo kilicho karibu nawe. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, kioo ni ya kujiangalia. Hapa inafanya nini?"

Nikaeleza. Mzigo ni uleule, umewekwa nchi nyingi, kila mtu achukue wa karibu. Waingereza ndio wanaita kioo, mirror.

"Alors, basi, si ni depo?"

Depo. Bila shaka ni depo. Hata kwetu Moshi tulikuwa tunatumwa depo kuchukua kreti za soda. Miaka mitatu nimewaambia watu wakajitazame kwenye kioo. Nilicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Binti yake akauliza kwa Kiingereza kama niko salama. Mama akamwambia anyamaze, anko anafanya kazi. Akaendelea kusoma, safari hii polepole zaidi.

Makosa kumi na moja.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada tumekaa ukumbini na kompyuta yangu. Nimemfungulia akaunti. Makosa yote nilikuwa nimeyasahihisha asubuhi, nikamwonyesha pa kubonyeza. Amekataa. Kwanza asome tena, yote, toka juu. Watu wakaondoka. Mzee wa kanisa akaanza kupanga viti juu ya meza zilizotuzunguka. Mama Riziki hakuinua kichwa. Saa nane mchana ndipo akabonyeza.

Mjerumani amejibu kabla sijafika nyumbani. Asante, Kiswahili kinabaki. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi. Nilifika, nikakaa garini kwanza.

Tulipoagana aliniuliza, "Ingine utaniletea siku gani?"

Nikasema Jumapili ijayo.

Jumamosi, 15 Februari

Theluji tangu alfajiri. Sijatoka.

Toleo lingine halitoki hadi Agosti. Sikumwambia. Nimefukua mwongozo wa zamani wa kuunganisha printa, ambao hakuna aliyeomba utafsiriwe, na nimeanza kuutafsiri. Kurasa mbili tayari. Kwa kesho zinatosha.