Upande wa Pili wa Barua ya Posa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Bonga mahindi yamebeba, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kuna haja gani ya kuhangaika na herufi, maadamu ujumbe unaeleweka. Miaka ya themanini, wakati wa uhaba, babu yako alikuja kwetu Singe na mjomba wake kuleta barua ya posa. Ilikuwa imenyooka, haina kosa hata moja. Baba yangu akamuuliza, "Nani kaandika?"

"Mwalimu wa kwetu, mzee."

"Mwalimu ana mke tayari. Andika wewe."

Karatasi ilikuwa adimu, akaigeuza ileile. Nilichungulia kutoka jikoni, nikiogopa atakataliwa. Aliandika, akafuta, akarudia, jasho likimtoka. Makosa yalibaki mengi. Baba alisoma taratibu, akapapasa palipofutwa, akasema, "Huyu anamjali atakayesoma. Leteni chai."

Tuliinywa bila sukari.

Basi nawe ukikosea, futa urudie, na yatakayobaki yasikutie aibu. Barua ile ninayo bado. Tangu tumzike babu yako, huwa nasoma upande wa pili tu.

Bibi yako