Pale Langoni Tengeru

Jumamosi, 2 Juni 1956
Tangazo jipya limebandikwa langoni mwa soko – Kiingereza kitupu! Mwalimu Aminiel alipita kununua vitunguu, nikamwomba anisomee. Kila muuzaji akae kwenye "usual place" yake, mahali pake pa kawaida. Asiye nayo atapelekwa nyuma, kwenye matope ya ng'ombe. Bwana soko mpya ataandikisha wauzaji tarehe 16.

Mimi niko langoni. Pazuri mno – kila ashukaye kwenye lori ananiona kwanza. Ila ni pa Mwanamkuu, muuzaji mwenzangu aliyekwenda kujifungua kwa mama yake Pangani. Nimepakalia tangu Pasaka.

Jumatano, 6 Juni
Nimembana Mwalimu. Hiyo usual ni nini hasa? Kasema ni jambo linalorudiwa mpaka watu wanaacha kuliuliza. Lirudiwe mara ngapi? Akacheka, hakuna aliyeweka idadi. Yuko mzungu mjini huingia hotelini akasema "the usual", basi, analetewa kinywaji chake bila kukitaja.

Nimelipenda neno hili. Halidai hati wala shahidi, linadai kuonekana tu. Nitaonekana!

Jumamosi, 9 Juni
Nimefika giza bado. Mama mmoja wa Kikwe alikuwa akimwelekeza mwenzake: nenda kwa Paskalina, pale langoni. Pale langoni! Nilitamani kucheza. Mimi wa Rombo, niliyeanza na kapu la kuazima.

Nilimfikiria Mwanamkuu kidogo. Halafu wateja wakajaa.

Jumamosi, 16 Juni
Nimeshinda! Bwana soko alinitazama, akaandika, akapita. Hakuniuliza hata neno. Nyanya zimekwisha kabla ya saa nne, nimeimba waziwazi, wenzangu wakanicheka.

Kisha akaja Mwanamkuu, mtoto mgongoni, kapu kichwani. Kakonda. Akanishukuru kwa kumshikia mahali pake. Kumshikia! Sijafungua mdomo, bwana soko huyo karudi. Hamjui Mwanamkuu. Akamwambia, wewe mama ni mgeni, au una mahali pako pa kawaida?

Mwanamkuu akasema kwa upole, muulize dada Paskalina, yeye anajua.

Bwana soko akaitwa kwenye mizani. Kasema akirudi anataka jibu langu. Naandika haya nyuma ya magunia. Mwanamkuu amemlaza mtoto kwenye khanga yangu, ananipangia vitunguu vilivyobaki.

Bwana soko anakuja.