Baba Mkwe Kamshonea Farasi Wangu Vikinga vya Miguu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana mimi ni mwalimu wa hesabu, nina akili zangu timamu, lakini kwa sasa naishi kwa uongo nyumbani kwangu kwa sababu ya miguu ya farasi.

Nina farasi jike, namwita Bibi Harusi kwa yale maringo yake, na nashiriki naye mbio za masafa marefu, zile za kilomita sitini au themanini ambazo kila baada ya kipande cha njia mnasimama, daktari wa mifugo anampima mapigo ya moyo na kumkagua miguu, na akikuta kasoro mnatolewa hapo hapo. Tatizo lake ni kwamba akichoka, ukwato wa mguu mmoja wa mbele unaugonga mwenzake kwa ndani, anachubuka. Sasa baba mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa fundi viatu miaka arobaini, na tangu afunge kibanda chake alikuwa mtu wa kukaa sebuleni akibishana na redio, siku moja akaona ule mchubuko, kesho yake nikamkuta bandani kapiga magoti na utepe, anampima farasi mguu kama anampima mteja, na baada ya wiki mbili akatoka na vikinga vinne vya ngozi, bizimu za kufungia zinang'aa, ndani manyoya ya kondoo, yaani hata mimi ningevaa. Tangu siku hiyo mzee anapiga mluzi kuanzia asubuhi.

Basi tukaenda navyo mbioni, kilomita ishirini za mwanzo raha mustarehe, tukavuka kijito, manyoya yakanywa maji, mchanga ukaingia, na tulipofika kwenye ukaguzi daktari akafungua bizimu, akapitisha kiganja, kisha akasema, "Mama, humu ndani kuna joto la kuivishia ndizi, na ngozi imechubuka. Mbio zako zimeishia hapa."

Nyumbani mzee akauliza mambo yalikwendaje, nikasema farasi aliumwa tumbo. Tumbo, mshauri! Tangu hapo kila tukienda mazoezini natoka Bibi Harusi kavaa, nikifika nyuma ya matangi ya maji namvua, nikirudi namvalisha. Nikamwomba mume wangu aseme na baba yake, akanijibu, "Vaeni tu, mzee afurahi." Nikamuuliza, "Nani avae, mimi au farasi?" Akasema, "Mimi simo." Juzi ndiyo nilikoma, nimeinama nyuma ya matangi nafungua bizimu, nikasikia kikohozi, kugeuka ni mzee. Akaangalia vikinga mkononi mwangu, akauliza taratibu, "Vinambana?" Nikajibu, "Hapana baba, nimevitoa vipunge upepo." Akaguna, akaondoka. Baada ya wiki tano tuna kilomita themanini, na ameshasema atakaa pale mwisho aone kazi yake ikipita. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo, nisipomwambia namuumiza farasi. Nifanye nini?

Mimi, mkwe mwenye aibu.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nimecheka kabla ya kufika mwisho, unisamehe. Pole kwa mbio zilizokatika, na pole zaidi kwa Bibi Harusi, maana katika nyumba hiyo ni yeye peke yake asiyedanganya mtu.

Vipunge upepo! Fundi wa miaka arobaini anapouliza "Vinambana?" hatafuti sifa. Ndilo swali aliloishi nalo, analiuliza ili arudi mezani akarekebishe. Alikuja kwako kikazi, wewe ukambembeleza kama mgonjwa. Kwa hilo nakugombeza. Na huyo mumeo asiyekuwemo, mwambie yumo, tena mpaka shingoni.

Nimempigia daktari wa mifugo ninayemwamini. Anasema katika mbio ndefu farasi wengi hukimbia miguu mitupu, na kikinga ni cha yule anayejigonga. Kwa hiyo acha mchubuko upone kabisa, kisha mwite fundi wa kwato amwangalie. Huenda zikikatwa vizuri kugongana kukaisha, msihitaji chochote. Kusipoisha, viwe viwili tu vya mbele, vyepesi, bila manyoya, vyenye matundu ya kutolea maji. Vijaribuni safari fupi kwanza, halafu ndefu. Kila mkisimama vua, osha, pitisha kiganja. Ukikuta joto au ngozi imechubuka, vikinga vinabaki nyumbani, hata kama mzee kavishona kwa dhahabu.

Sasa chukua vile vya zamani na mchanga wake, usivipanguse, mpelekee. Mwambie, "Baba, vinambana, na lile tumbo nilikudanganya." Halafu nyamaza, umwache aulize maswali ya kifundi. Siku ya mbio usimkalishe mwisho wa njia. Mweke kwenye kituo cha kwanza cha ukaguzi, awe yeye wa kufungua bizimu na kuona kwa macho yake.

Usingoje jioni. Nenda sasa hivi, gazeti utalimalizia ukirudi.