Kiti cha Mtani Wangu

Jumatatu, 3 Juni 1974
Baridi ya asubuhi. Nimekwenda kwa Shilinde, hapa hapa mtaani Cheyo, kumtukana kama kawaida. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi — utani wetu tumeurithi kwa babu zetu wa njia ya misafara, na tangu reli inilete huku sijauacha ulale. Nikamwita mbeba mizigo, mla matobolwa, viazi vikavu vya kwao. Akafikiri kidogo, kisha akasema babu zangu walikaa pwani wakitafuna nazi, wakingoja babu zake wawaletee pembe za ndovu. Safi kabisa! Ila zamani hakuwa akifikiri kwanza.

Alhamisi, 6 Juni
Marcelina, mkewe, kanisindikiza hadi njiani. Jana mumewe kapotea akitoka sokoni, njia anayoipita tangu utoto! Daktari kasema ni uzee. Azungumzishwe, akili isikae bure. Balozi wetu wa nyumba kumi naye anasema matusi si ujamaa, nimwache mzee apumzike. Apumzike! Kisu kikilazwa hupata kutu. Nikamwuliza Marcelina yeye anaonaje.

"Mtukane, shemeji," kasema. "Akikujibu, namwona mume wangu."

Jumamosi, 8 Juni
Siku mbaya. Nimeingia na tusi jipya, nimelitunga njia nzima: kwamba Wanyamwezi wanaamkiana "mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata jua likizama, maana mizigo imewakaza shingo, hawawezi kutazama juu. Akanitazama. Akainuka, akanipa kiti chake — kile cha ngozi ya ng'ombe, ambacho hajapata kumpa mtu.

"Samahani, mzee," kasema kwa upole. "Nimekukosea nini?"

Nikakaa, nikanywa uji kwa adabu, kama mgeni. Nampenda mtu yule. Sijapata kumwambia, maana watani hawaambiani hivyo.

Jumapili, 9 Juni
Sijaenda.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda mapema, bado kalala. Nikabeba kile kiti kichwani, mtaa mzima ukiona. Mtani ana haki ya kuchukua, na mwenye mali ana haki ya kuja kukikomboa kwa matusi. Balozi akauliza nakipeleka wapi. Nikamjibu leo Mzaramo ndiye mbeba mizigo.

Mchana sasa. Nimekikalia barazani kwangu tangu asubuhi. Hakuna aliyekuja. Nilishaanza kujuta — mzee mzima kumwibia mgonjwa!

Marcelina kaja mbio, khanga inamwanguka. Shilinde anazunguka ua, anatafuta kitu, hajui ni nini. Lakini anawatukana Wazaramo! Wote, na babu zao. Keshashika fimbo, anataka kutoka.

Nimemwomba Marcelina amfuate kwa mbali tu, asimwonyeshe njia. Kaondoka analia na kucheka. Chai iko motoni, vikombe viwili. Kiti sikitoi ng'o!