Mtama Asiotaka Baba Kuuonja

Karibu na Kipalapala,
Tabora.
11 Septemba 1932

Mpendwa Shangazi Apolinaria,

Shikamoo, pamoja na heshima zote zinazokustahili wewe na Mzee Kornel. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Kigoma, na kwamba mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi tu hai, tunamshukuru Mungu. Lakini siwezi kuandika kwamba hatujambo, kwa maana baba, kaka yako, hajambo kwa maneno tu. Mwili wake unakwisha.

Habari za nzige ulizisikia. Walitua mtama ukiwa unachanua, wakaacha mabua matupu. Baadaye tukaarifiwa kwamba Serikali ingewapa waliopatwa na janga hilo nafaka ya kula na mbegu, na kwamba Bwana Shauri wa wilaya angekuja kwanza kukagua mashamba.

Hapo ndipo tulipojiponza. Baba, akiwa mkuu wa kijiji, aliona ni aibu mgeni mkubwa apokewe katikati ya uchafu. Aliamuru mabua yote yang'olewe na kuchomwa, njia zifagiliwe, nyumba zipakwe udongo mpya. Mama akaambiwa amchinje kuku aliyebaki na kusaga mtama wa mbegu. Nawe wajua, Shangazi: tangu misafara ya Ujiji ilipokuwa ikipumzika kwa babu, hakuna aliyeondoka mlangoni pale na njaa. Bwana Shauri alikula, akasifu, akatazama mashamba yetu meupe kama ya watu waliokwisha kuvuna, akaenda zake. Vijiji jirani vikapewa magunia. Sisi tukaambiwa tuna akiba.

Mwezi uliopita alikuja Bwana Shauri mwingine. Barazani nilisimama nikaeleza mambo yalivyokuwa, kwa adabu niliyoiweza, lakini karani wake akauliza tangu lini wenye njaa wakaalika watu kula kuku. Ndipo mama alipoinuka miongoni mwa wanawake, jambo ambalo hajalifanya maishani mwake.

"Kuku yule alikuwa wa mwisho," alisema, "na ugali ule ulikuwa mbegu. Njoo, baba karani, nikufungulie kihenge. Usiogope, hata panya wamekwisha hama."

Watu walicheka. Bwana Shauri alikwenda mwenyewe, akachungulia kihenge baada ya kihenge, na wiki iliyofuata magunia yakafika.

Kijiji kizima sasa kinakula, isipokuwa baba. Hakumgombeza mama, afadhali angemgombeza. Anaishi kwa mlenda na matunda ya msituni, na mbegu ya Serikali ameikataza isiguse shamba lake, ilhali mvua haziko mbali. Padre alikuja kumsihi, akapokewa vizuri, akarudi bure. Mimi nilijibiwa mara moja tu:

"Walikula kwangu kama wageni, Kasimiri. Mimi nikale kwao kama mwombaji?"

Juzi mke wangu Imakulata alimkuta ameshika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, hawezi kupiga hatua. Baba alimwambia kwamba anaikagua kama imeliwa na mchwa.

Shangazi, sikuombi umwandikie, kwa maana ataisoma barua, ataikunja, na yatakuwa yamekwisha. Nakuomba mpande gari la moshi, wewe na Mzee Kornel, na msibebe chakula chochote, hata dagaa. Nyumbani hamna nafaka nyingine ila hiyo ya Serikali. Mama ataipika, itatengwa mbele ya Mzee Kornel, na baba itambidi anawe mikono aketi naye. Hajapata kumwacha mgeni ale peke yake, sembuse shemeji yake.

Mama Koleta na mdogo wangu Bertila wanakuamkia. Utusalimie Silasi na watoto wake. Mungu awatangulie njiani, na awafikishe mapema. Nitakuwapo stesheni ya Tabora kila gari la Kigoma litakapoingia.

Mwanao akupendaye na kukungoja,
Kasimiri Bernardo