Nasimiyu Haendi Boston

Ijumaa, 4 Aprili
Nasimiyu anakwenda chuo kikuu Boston. Katibu wa kanisa letu hapa Doha ndiye aliyetangaza leo, kwenye ibada ya Ijumaa mtaani Abu Hamour, baada ya sadaka. Vigelegele. Binti yangu akasimamishwa na kuombewa.

Habari si ya kweli. Amekubaliwa na vyuo viwili vya Marekani, kimoja Boston, kingine Nebraska. Hajachagua. Jibu linatakiwa kufikia tarehe mosi Mei. Msaada wa karo unakaribiana, kwa hiyo fedha si hoja.

Chanzo cha katibu ni mume wangu. Nilimuuliza ndani ya gari. Hakukana. Alisema Boston haihitaji maelezo, Nebraska utaeleza mpaka uchoke.

Nasimiyu alitazama dirishani mpaka tulipofika nyumbani, Muaither. Nina hasira.

Jumamosi, 5 Aprili
Pongezi bado zinamiminika kwenye kundi la Wakenya. Sijajibu hata moja.

Barasa alikuja kula mchana. Ni rafiki wa mume wangu tangu shule, sasa ni msimamizi wa walinzi kwenye maghorofa ya West Bay. Alimuuliza Nasimiyu anakwenda kusomea nini. Magonjwa ya mahindi. Wapi wanayajua zaidi? Nebraska, akajibu, bila kumtazama baba yake.

Barasa akaweka tonge chini. "Baba Nasi, wewe umetoka kwenye mahindi ya Kitale mpaka Doha, halafu mtoto avuke bahari yote hiyo arudi kwa mahindi?"

Tulicheka wote. Nasimiyu naye alicheka. Kisha akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 7 Aprili
Kazini, chumba cha habari, siku ya kawaida. Nimeandika habari mbili, zote fupi.

Nyumbani nilimhoji mume wangu kama ninavyomhoji msemaji yeyote. Unajua nini kuhusu chuo cha Boston? Wakubwa wamesoma huko. Chuo hicho? Hapana, mji huo. Nebraska iko wapi? Akaweka kidole kwenye ramani, karibu na mpaka wa Kanada. Nikakisogeza hadi katikati ya nchi. Akasema waajiri wa Nairobi wanatambua vyuo vya pwani ya mashariki tu. Nani kasema? Kila mtu.

Nilimwambia "kila mtu" si chanzo. Alikasirika. Anaogopa mtoto atadharauliwa akirudi nyumbani, na hofu hiyo naielewa. Bado si ushahidi.

Nasimiyu ameviandikia vyuo vyote viwili swali moja: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufanya kazi kwenye maabara ya magonjwa ya mahindi?

Jumatano, 9 Aprili
Boston wamejibu kwa adabu. Wamemwalika kwenye kikao cha mtandaoni cha wanafunzi wapya wote. Kuhusu mahindi, kimya. Ni chuo kizuri. Si cha mahindi.

Kutoka Nebraska alipiga simu profesa mwenyewe, kwa video, saa kumi jioni. Kwao ilikuwa asubuhi. Alikuwa amevaa gambuti, amesimama kati ya miche. Alimuuliza Nasimiyu kama amewahi kuona ule ugonjwa uliokausha mahindi ya Bonde la Ufa kabla hayajakomaa. Nasimiyu alikuwa mdogo mno wakati huo. Akageuka, akamwita baba yake.

Baba Nasi alikuwa anapita na kikombe cha chai. Alisimama. Kisha akavuta kiti. Akaeleza shamba la marehemu baba yake: majani yaligeuka manjano, yakakauka kuanzia ukingoni, magunzi yakatoka bila punje. Profesa akaandika. Akauliza ni mwezi gani, na jirani alikuwa amepanda nini. Baba Nasi aliongea kuliko mwombaji mwenyewe. Chai ilipoa.

Mwishowe profesa alimwambia Nasimiyu nafasi ya maabara ni yake tangu wiki ya kwanza, akiitaka.

Simu ilipokatwa, mume wangu alibaki ameitazama skrini. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za shamba lile." Akasukuma kikombe pembeni. "Mama, wajibu hao watu."

Mama ni Nasimiyu. Ndivyo anavyomwita akiwa na furaha.

Alhamisi, 10 Aprili
Nebraska. Amebonyeza mwenyewe. Nimeusoma uthibitisho mara mbili. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 11 Aprili
Kanisani, Baba Nasi aliomba kipaza sauti mwenyewe. Alisema wiki iliyopita walitangaziwa Boston kwa maneno yake, na alikosea. Ni Nebraska. Binti yake anakwenda kutibu mahindi.

Kigelegele kimoja kilianza, kikakatika.

"Nebraska ni wapi, bwana?" Barasa, kutoka nyuma.

Mume wangu akasogea mbele, akanyoosha mikono yote miwili, akawaambia hiyo ndiyo Marekani. Kisha akajipiga kifuani. "Ni hapa. Huko mnakokujua ninyi ni vidoleni."

Kanisa likalipuka kwa shangwe. Vigelegele vilipita vya wiki iliyopita, na mimi si mtu wa kutia chumvi. Barasa aliinua mkono, akasema ameshindwa. Nasimiyu alisimama bila kusimamishwa.

Jumapili, 11 Mei
Joto limeanza. Hati za chuo zimefika, jina limeandikwa sawasawa. Nasimiyu na baba yake wako mezani wanajaza maombi ya viza. Wanabishana kidogo kuhusu majira ya kupanda.

Mahojiano ubalozini: Jumanne, 17 Juni, saa mbili asubuhi. Baba Nasi ameshaomba ruhusa kazini.