Mireille, Couveuse Yetu Imeangua

Mireille, rafiki yangu,

Vifaranga vimetoka. Nakuambia hilo kwanza, maana hukuwa na subira ya kusikia habari kuanzia mwanzo. Tuliweka mayai thelathini, ishirini na sita yakaanguliwa, na Jumamosi asubuhi mama yako alicheza jikoni mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Ulipotuacha, ile couveuse, mashine yetu ya kuangulia mayai, niliifunika shuka nikaisukuma chini ya kitanda. Sikuweza kuitazama. Mwezi wa mwisho tulikuwa tumegombana juu yake, wewe na mimi, vichwa vigumu viwili. Ugomvi wenyewe: kile kibao kidogo cha elektroniki kinacholinda joto la mayai tukiandikie programu kwa lugha gani, na ukurasa wa kuonyesha joto kwenye simu tuutengeneze vipi. Mimi nilitaka C, lugha ya zamani yenye kasi. Wewe ulitaka Python ndogo, ile ya vibao, rahisi kujifunza, na ukurasa wenye maktaba kubwa ya JavaScript, ule msimbo wa kuazima, grafu zinazosogea, rangi za kila aina. Uliniambia, "Weye Clarisse unapenda bintu bya bazee." Mimi na vitu vya wazee! Nilinuna. Wiki mbili baadaye homa ikakulaza hospitalini, na nilipokuja kukuona hukuwa na nguvu ya kubishana tena. Nisamehe. Hata kununa kwangu leo kunanichekesha.

Miezi minne ikapita. Siku moja mama yako akaja kwangu na ndoo ya mayai. Hakukaa hata kwenye kiti. "Ile mashini ya mutoto wangu iko wapi? Minye niko na mayai."

Nikaitoa chini ya kitanda.

Kwenye kompyuta yangu ukurasa wako, ule uliotuachia, ulifunguka, mzuri kama ulivyokuwa wewe Jumapili. Kwenye simu ya mama yako ulibaki mweupe. Kumbe maktaba yako ilikuwa inaitwa kutoka intaneti, na kwake hakuna intaneti, kuna ile wifi ya kibao peke yake. Nikajaribu kuiweka maktaba yote ndani ya kibao. Kumbukumbu ikajaa, kibao kikazima na kuwaka, kikazima na kuwaka, na kila kilipozima, joto lilishuka. Kwa bahati mayai yalikuwa bado kwenye ndoo.

Basi nikaona nimeshinda. Nikaandika kila kitu upya kwa C, wiki nzima, na nakuambia bila aibu kwamba nilikuwa nakuringia wewe uliye kaburini. Ikaenda kasi, haikuzima hata mara moja. Nikampelekea mama yako.

Siku ya pili akapiga simu: hataki Kifaransa kwenye ukurasa, anataka "moto" kwa joto na "maji" kwa unyevu. Nikapanda pikipiki na kompyuta mgongoni, nikavuka mji, nikabadilisha, nikaijenga programu upya, nikarudi. Siku ya tatu: herufi ndogo, macho yake hayaoni. Pikipiki tena. Siku ya tano nilimkuta Ginette, mdogo wako, ameketi mbele ya couveuse na daftari lako. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima ya dada mkubwa, "Ya Clarisse, kama ingekuwa Python, mi ningebadilisha mwenyewe. Ya Mireille alinifundisha."

Nilikaa chini, Mireille. Nikakumbuka ulivyoniambia siku ile ya ugomvi, nami sikukusikiliza kwa sababu nilikuwa natafuta jibu la kukunyamazisha: "Mashini yenye mwenyewe hawezi kufungua, haiko yake." Mimi nilikuwa nimechagua lugha inayokifaa kibao. Wewe ulikuwa umewachagua watakaobaki nacho.

Kwa hiyo sasa ni Python yako. Joto lenyewe kibao kinalipima kila baada ya sekunde kadhaa, na kwa kazi hiyo C ilikuwa kama kuchinja kuku kwa shoka. Lakini ukurasa ni wangu: faili moja, nimeliandika kwa mkono, hakuna maktaba, hakuna grafu. Namba mbili kubwa, na rangi inayogeuka nyekundu joto likipotea. Hiyo nyekundu tuliitoa kwenye daftari lako. Umenishinda kwenye lugha, nimekushinda kwenye ukurasa. Usikatae.

Tukaweka mayai mapya, maana yale ya ndoo yalishaliwa. Mama yako alikuwa anafungua simu hata katikati ya usiku. Mara moja umeme ulikatika, kibao kikabaki hai kwa betri yake ndogo, simu ikawa nyekundu, yeye na Ginette wakaiunganisha couveuse kwenye betri kubwa kabla mayai hayajapoa. Mimi nilipata habari kesho yake. Hawakunihitaji. Nilifurahi, kisha nikalia kidogo, kisha nikafurahi tena.

Jumamosi ganda la kwanza likapasuka. Mama yako aliinama, akasikiliza ile sauti nyembamba ndani ya yai, akasema polepole, "Mireille, wanakuja." Halafu ndipo akaanza kucheza, na Ginette naye, na mimi nisiyejua kucheza.

Shangazi yako wa Kambove ameomba couveuse ya pili. Programu ataiandika Ginette, na mimi nitakaa pembeni nimefunga mdomo, hata nikiona kosa, mpaka aniulize. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na unajua itakavyonitesa.

Pumzika, ndugu yangu. Huku kwenu kuna kelele ya vifaranga.

Clarisse